P9 yangu ya 2025: rilifu ya bima iko wapi, na hii PAYE mbona kubwa hivi?

BintiLangoni, Amu

Asalam aleikum ndugu zangu, Ramadhan karim kwa wenye kufunga. Naomba msaada kwa anaejua mambo ya ushuru wa mshahara maana mie nshaisoma hii karatasi mpaka macho yauma na bado sijaelewa.

Nafanya kazi hoteli moja hapa Shela, upande wa mapokezi, ajira ya kudumu, huu mwaka wa sita. Wiki jana mhasibu katugawia P9 za 2025, ile karatasi ya mwaka ya mshahara na makato, kila mtu na yake ndani ya bahasha, akatwambia haya nendeni mkafaili ritani, taarifa ya ushuru ya mwaka, kwa KRA, mamlaka ya ushuru, kabla Juni haijesha, basi, hakuna maelezo mengine. Jana baada ya futari nikaitandaza mezani pamoja na slipu zangu za mwaka mzima nikaanza kulinganisha mwezi kwa mwezi na hapo ndo nikajua kwamba miaka yote hii nimekuwa nikitazama mstari wa chini tu, ule wa pesa zinazoingia benki, huko juu sijawahi hata kupapitia.

Mshahara wangu grosi ni 60,000, yaani 48,000 na marupurupu ya nyumba 12,000. Slipu ya Disemba yaonesha hivi: NSSF (akiba ya uzeeni) 3,600, SHIF (bima ya afya ya serikali) 1,650, hausing levi (ile ya nyumba) 900, PAYE (ushuru wa mshahara) 9,303. Kuna mstari wa rilifu binafsi, yaani nafuu ya ushuru, umeandikwa 2,400 na chini yake mstari wa rilifu ya bima umeandikwa 0.

Sasa swali langu ni hapo kwa bima. Mie nina bima ya elimu ya mwanangu, nilianza Januari 2022 itaiva 2034 inshallah, nalipa 4,000 kila mwezi kwa M-Pesa kwa mkono wangu mwenyewe, haipiti kazini. Shoga yangu mmoja muuguzi asema yeye bima kama hiyo yampunguzia ushuru kila mwezi. Mbona yangu ni sifuri? Na hizi SHIF na hausing levi, kuna nafuu yoyote napata kwa kuzilipa au ni kukatwa tu na imesha?

Sisemi sitaki kulipa ushuru, nalipa, na nataka nilipe. Lakini 4,000 ya bima mwezi mwingine huwa naitoa huku sina hata ya samaki, na kama sheria yasema kuna changu pale nataka nijue. Asanteni.

KijanaWaMokowe

Waaleikum salaam dada. Hausing levi iko na rilifu ya asilimia 15, kwa hivyo 15% ya 900 ni 135, mwambie mhasibu akurudishie hiyo 135 kila mwezi. Na SHIF ni bima ya afya so nayo ni 15% vile ilikuwa NHIF, ile bima ya afya ya zamani. Hiyo ya elimu sina hakika, nadhani lazima ipitie kwa mwajiri ndo ihesabiwe.

BiMishahara, Malindi

Kijana wangu wa Mokowe umejibu kwa nia njema lakini hayo ni ya zamani, naomba nirekebishe kabla binti hajaenda nayo kazini akaambiwa hajui asemalo. Mie nimefanya mishahara ya watu miaka 19, hoteli za huku Malindi na Watamu, na hili jambo laniuma sana kwa sababu nimeona watu wazima wanastaafu hawajawahi hata siku moja kudai nafuu zao.

Rilifu ya hausing levi ilikuwepo, ni kweli, ilikuwa hiyo 15%. Ikaondolewa kwa sheria iliyoanza tarehe 27 Disemba 2024. Lakini haikuondolewa ikaachwa hivi hivi, kilichowekwa mahali pake ni kikubwa zaidi. Tangu siku hiyo SHIF na hausing levi zatolewa kwenye mshahara KABLA ya kupiga ushuru, sawa na NSSF inavyotolewa. Yaani pesa ile uliyokatwa ya SHIF na ya nyumba haifai kutozwa ushuru hata kidogo. Kuna tofauti hapo watu wengi wachanganya: rilifu hutolewa kwenye ushuru wenyewe ukishapigwa, hili lingine latolewa kwenye mshahara kabla ushuru haujapigwa.

Sasa binti yangu chukua kalamu, tupige yako pamoja.

60,000, toa NSSF 3,600, toa SHIF 1,650, toa hausing levi 900. Hayo makato jumla ni 6,150, yabaki 53,850. Hiyo 53,850 ndiyo ya kutozwa ushuru. 24,000 za mwanzo ni asilimia 10, ambayo ni 2,400. 8,333 zinazofuata ni asilimia 25, ni 2,083 na senti. Zilizobaki ni 21,517, hizo asilimia 30, ni 6,455. Jumlisha utapata 10,938. Sasa ndo unatoa ile rilifu binafsi ya 2,400 ambayo kila mkaazi mwenye kipato anapewa, iwe amedai hajadai. Yabaki 8,538.

Wewe umekatwa 9,303.

Tofauti ni 765. Hapo nikaacha hata chai yangu ya daku nikakaa naitazama hiyo 765, nikachukua SHIF yako na hausing levi nikazijumlisha, 2,550. Asilimia 30 ya 2,550 ni 765 kamili, hakuna hata shilingi ya ziada. Kwa hivyo twajua kilichotokea. Mhasibu wenu, au ile programu ya mishahara anayotumia, ile rilifu ya zamani ya 135 aliiondoa alipoambiwa imekwisha, lakini yale makato mapya hakuyaingiza. Alifanya nusu ya kazi. Itazame P9 yako, zile safu za SHIF na za hausing levi upande wa makato kabla ya ushuru, nadhani utazikuta tupu au zina sifuri.

Haya, na bima. Bima ya maisha, bima ya afya ya kulipa mwenyewe, na bima ya elimu yenye muda wa miaka 10 kwenda mbele, zote zina rilifu ya asilimia 15 ya unacholipa, mradi rilifu yenyewe isizidi 5,000 kwa mwezi. Ukiwa umelipa kwa ajili yako wewe, au mume, au mtoto, yahesabika. Yako ni miaka 12, imetimiza sharti. Asilimia 15 ya 4,000 ni 600. Si lazima ipite kazini. Imekuwa sifuri kwa sababu moja tu, mhasibu hajui kama unayo. Hukumpelekea cheti, na yeye hawezi kuota.

765 na 600 ni 1,365 kwa mwezi. Mwaka mzima wa 2025 ni 16,380. Ni zako mwanangu.

BintiLangoni, Amu

Subhanallah. Bi nimeisoma jibu lako mara tatu, nimepiga na kwa simu pia, yaja vile vile. Na P9 nimetazama sasa hivi, zile safu mbili ni tupu kuanzia Januari mpaka Disemba, NSSF peke yake ndo iko.

16,380 ni karibu miezi minne ya ile bima.

Sasa nishauri kwa hili. Mhasibu wetu ni mtu mzima, namwita ami, ni mtu mwema, ndo alinipokea kazi nilipoanza. Sitaki nimwendee kama namshitaki, hoteli yenyewe ni ndogo tuko 31 tu na tukiingia msimu wa kusi wageni wapungua, watu huanza kuogopa kuambiwa kazi hakuna. Namwambiaje? Na je mwaka ushapita, pesa ishapelekwa KRA, yarudi vipi?

MwalimuJioni, Malindi

Dadangu naingia kwa upande mwingine kidogo, kwa sababu hapa twaongelea kudai lakini P9 yaweza pia kukuonesha unadaiwa, na mie ndo yalonikuta, bora mtu asome hapa asijekuta kama mie.

Nafundisha chuo kimoja mchana, mshahara 45,000. Machi mwaka jana nikapata kufundisha jioni mahali pengine, 18,000. Kule kwa jioni slipu ikawa yaja PAYE sifuri, nikaona alhamdulillah, pesa ndogo haina ushuru. Nikala miezi kumi. Januari nimepewa P9 mbili, nikaenda kufaili mwenyewe, mwisho wa fomu yaniambia nadaiwa 48,465. Nilihisi kama mtu kanimwagia maji.

Nikaenda ofisi ya KRA, yule dada pale alinieleza kwa upole sana mpaka nikaelewa. Rilifu binafsi ni moja kwa mtu mmoja, 28,800 kwa mwaka, si moja kwa kila kazi. Kule kwa jioni walinipa rilifu ya pili ambayo si haki yangu kwa sababu hawakujua nina kazi nyingine, na mie sikuwaambia. Halafu tena zile 24,000 za asilimia 10 nazo ni mara moja tu, nilikuwa nshazimaliza kwa kazi ya mchana, kwa hivyo pesa yote ya jioni baada ya makato, 16,155, ilifaa itozwe asilimia 30, ambayo ni 4,846 na senti kila mwezi, mara kumi. Ndiyo hiyo 48,465.

Mwenye kazi mbili mwambie mwajiri wa pili toka siku ya kwanza kwamba rilifu unachukulia kwengine. Na jambo lingine sikulijua kabisa: ritani mwisho ni 30 Juni lakini kama unadaiwa, deni lenyewe mwisho wa kulipa ni 30 Aprili. Ukipitisha kuna faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Mie nimeomba mpango wa kulipa kidogo kidogo kupitia iTax, ule mtandao wa KRA, nikaruhusiwa, mke wangu nshamweleza, tutafika.

BiMishahara, Malindi

Mwalimu pole sana, na asante kwa kusema wazi, kuna wengi humu wana kazi mbili na hawajui wanabeba nini.

Binti wa Langoni, kwa huyo ami yako. Mwendee asubuhi kabla watu hawajajaa, na slipu moja tu, hiyo ya Disemba, usibebe mwaka mzima. Mwambie ami nilikuwa napiga hesabu ya PAYE yangu haijanijia, naomba unioneshe wewe ulivyopiga. Muache apige mwenyewe mbele yako. Mtu akipiga kwa kalamu yake mwenyewe akaiona hawezi kukasirika na wewe. Wahasibu wa hoteli ndogo wana mzigo, mie naujua, mwaka 2024 mambo yalibadilika mara tatu nne, hausing levi Machi, NHIF ikawa SHIF Oktoba, halafu hii ya Disemba watu wako sikukuu, halafu Februari 2025 NSSF ikapanda. Mtu hukosa. Lakini kukosa kwake ni chakula chako, kwa hivyo ni lazima asikie. Na tangu 1 Julai 2025 sheria yamtaka mwajiri ahakikishe makato na rilifu zote za mfanyakazi zimewekwa anapopiga PAYE, si hiari tena. Hilo usimtupie usoni, lakini lijue.

Na muombe na mambo mawili. Kwanza arekebishe kuanzia mshahara wa mwezi huu. Pili kama aweza arekebishe zile ritani za PAYE alizopeleka KRA 2025 akutolee P9 mpya, hiyo ndo njia safi zaidi kwa sababu karatasi yako na rekodi ya KRA zitakuwa kitu kimoja. Hesabu ikigongana na walicho nacho wao, utaombwa maelezo.

Wakati huo huo andikia kampuni yako ya bima uwaambie wataka cheti cha michango kwa ajili ya ushuru, cha 2025. Hutumwa kwa barua pepe, wengine siku hiyo hiyo. Nakala mpe ami aiweke kwa faili lako, ndo atakuanzishia ile 600 kila mwezi, nyingine kaa nayo.

Sasa kufaili. Ingia iTax na PIN yako, ile namba yako ya ushuru, chagua ritani ya mkaazi mwenye kipato cha mshahara. Pale mwanzo kabisa kwenye ukurasa wa kwanza kuna maswali ya ndiyo na hapana, watu huyapita mbio mbio kama mtu aruka dimbwi. Kuna moja lauliza kama una bima. Ukisema hapana ule ukurasa wa bima haufunguki kabisa na rilifu hutaiona hata ungekuwa na vyeti kumi. Sema ndiyo. Utafunguka ukurasa wakuuliza PIN ya kampuni ya bima, namba ya bima yako, imeanza lini yaisha lini, kiasi cha bima, na michango ya mwaka. Zote ziko kwa cheti. Michango yako ya mwaka ni 48,000, andika hiyo, usiandike 4,000, nimeona watu wanaandika ya mwezi wanapata rilifu ya mia sita mwaka mzima. Itajipigia 7,200 yenyewe.

Pale kwa PAYE andika kilichokatwa kweli kama kilivyo kwa P9, si kile ambacho kingefaa kukatwa. Ukimaliza ukurasa wa mwisho ukikuonesha namba yenye alama ya kutoa mbele yake, maana yake wewe ndo unaidai KRA. Usiishie hapo. Kutuma ritani peke yake si kuomba pesa. Rudi kwenye menyu, kuna sehemu ya rifandi, yaani kurudishiwa pesa, omba huko, weka P9, cheti cha bima na slipu, na akaunti ya benki iwe kwa jina lako lile lile lililo kwa PIN. Yachukua muda, na huenda ofisa akakupigia simu, mjibu, mpe karatasi.

Na kuna lingine nilikuwa nimelisahau. Bima yako ni ya toka Januari 2022. Ya 2022, 2023 na 2024 pia hukudai. Ritani ya zamani yaweza kurekebishwa ndani ya miaka mitano. 7,200 mara tatu ni 21,600. Waombe bima vyeti vya miaka yote kwa pamoja.

KijanaWaMokowe

Bi asante kwa kunirekebisha, nilikuwa natumia karatasi niliyopewa kazini 2024, nshaitupa. Swali dogo, mimi sina bima, sina mtoto, kuna njia yoyote nyingine ya halali mtu apunguze? Mshahara 52,000.

BiMishahara, Malindi

Iko. Pensheni. Mchango wa pensheni iliyosajiliwa watolewa kabla ya ushuru mpaka 30,000 kwa mwezi, NSSF ikiwemo ndani, na isizidi asilimia 30 ya mshahara. Ulikuwa 20,000 wakapandisha. Wewe ukijiwekea 3,000 kwa mwezi kwenye mfuko wa pensheni wa kujiunga mwenyewe, ushuru wako washuka 900. Kwa hivyo ile 3,000 yako imekugharimu 2,100 na yote 3,000 iko kwa jina lako. Lakini pensheni si akiba ya kuchomoa ukitaka, kwa hivyo weka kile ambacho hutakihitaji kesho. Na mwenye mkopo wa benki wa nyumba anayoishi, ile riba nayo yatolewa kabla ya ushuru mpaka 360,000 kwa mwaka. Bima ya pikipiki na ya boti haimo, naulizwa sana.

UmmuSalim, Amu

Jamani naomba nami niseme. Mdogo wangu ni mpishi, P9 anayo, yeye kila mwaka humpa kijana wa saiba, duka la mtandao, mia mbili na paswadi yake ya iTax, afailiwe. Mwaka jana nikamwambia hebu nioneshe ile risiti. Natazama naona kafailiwa nil! Mtu amekatwa PAYE mwaka mzima, ritani yasema hana kipato. Kijana wa saiba hakutaka kuhangaika na namba, alibonyeza ya haraka apate mia mbili yake aite mwingine. Miaka mitatu mfululizo.

Tumekaa naye siku mbili turekebishe moja moja. Na hakuna ubaya kusaidiwa kwa wasiojua kompyuta, lakini kaa hapo pembeni utazame, shika P9 yako mkononi, na ukitoka badilisha paswadi. Ile risiti ya kupokelewa ritani isome jina na imeandikwa ritani gani, isiwe karatasi ya kukunja tu.

Na kwa wenye jamaa mwenye ulemavu anaefanya kazi, kuna msamaha, 150,000 za mwanzo za mshahara kwa mwezi hazitozwi ushuru kabisa, lakini lazima awe na cheti cha msamaha cha KRA, kadi ya ulemavu peke yake haitoshi. Binamu yangu alikaa na kadi miaka minne akikatwa kama kawaida kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna cheti cha pili. Na cheti kina mwisho, kikipita tarehe akatwa tena.

MwalimuJioni, Malindi

Ummu Salim umesema kweli, hapa kwetu nako mwezi wa sita utaona foleni za saiba mpaka nje, na mtandao wenyewe siku zile za mwisho huwa mzito. Ukichelewa faini ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa zaidi, hata kama mwajiri ashakulipia kila senti. Faili sasa hivi wakati iTax iko wazi.

BintiLangoni, Amu

Asalam aleikum, Idd mubarak ya kuchelewa. Nimerudi kuwaambia yalipofikia.

Nilimwendea ami siku ya pili yake saa moja na nusu asubuhi, kabla boti ya wageni wa Manda haijafika. Nikamwambia kama Bi alivyonielekeza, ami hii hesabu haijanijia nioneshe ulivyopiga. Akatoa kalamu, akaandika 60,000 akatoa NSSF akaanza kupiga, nikanyamaza. Alipofika 9,303 nikamuuliza taratibu, na SHIF na ya nyumba hazitolewi kabla? Akasema zatolewa, ndiyo. Halafu akanyamaza. Akaitazama karatasi yake. Akafungua kompyuta, akaenda kwenye mipangilio ya ile programu, kuna visanduku vidogo vya kuweka tiki mbele ya kila kato, mbele ya NSSF pana tiki, mbele ya SHIF na hausing levi hapana. Visanduku viwili tu. Alishika kichwa. Akaniambia mwanangu hii si yako peke yako, ni ya kila mtu humu ndani, na mimi mwenyewe nimo.

Mshahara wa Machi umekuja PAYE imeshuka, na ile 600 ya bima ipo, mstari ule uliokuwa sifuri sasa umeandikwa 600. Nimeupiga picha. Za 2025 anazirekebisha mwezi mmoja mmoja, amefika Agosti, P9 mpya asema tutapata kabla ya katikati ya Aprili. Mwenye hoteli nae aliambiwa na hakuna aliyegombezwa, alhamdulillah.

Bima wamenitumia vyeti vinne, 2022 mpaka 2025, vyote kwa barua pepe moja. Nimeanza na ya 2022 kurekebisha Jumamosi, UmmuSalim alikuja nyumbani tukakaa pamoja, lile swali la ndiyo na hapana lilikuwa pale pale Bi aliposema, na mwaka ule nilikuwa nimejibu hapana. Namba ya mwisho ilipotokea na ile alama ya kutoa mbele, 7,200, niliita mamangu aje aone. Rifandi nimeomba, bado sijapigiwa simu, nangoja.

Kesho jioni wanakuja wawili wa jikoni na mmoja wa boti na P9 zao. Yule wa boti ana bima ya maisha toka 2019, cheti hajawahi kuomba, nimemwambia aandike barua pepe leo usiku asilale nayo. Bi, bima yake yeye yahesabika ikiwa mlipaji ni mkewe, au lazima iwe imelipwa kutoka simu yake?

BiMishahara, Malindi

Mashallah, mashallah. Allah awape kheri nyote wawili, wewe na ami yako.

Anaedai ni yule aliyelipa, na cheti ndicho kitakachosema. Kama cheti chaonesha mlipaji ni mke na mke ana mshahara wake, mke ndo adai, kwa P9 yake. Kama ni yeye alieichukua bima kwa jina lake na pesa ni zake, simu ya mke ilikuwa ya kutumia tu, basi awaandikie bima wathibitishe hilo kwa karatasi kabla hajafaili. Mwambie akuletee cheti kwanza, usijaze chochote kesho mpaka ukione.

Nitumie zile namba za P9 yake hapa bila jina, nikitoka isha, nitazipiga.